Unakaa Unguja na kila app ya chakula inakuangusha? Mwongozo kamili wa kuchagua, hatua kwa hatua

Wiki haipiti bila mtu kuniandikia kwamba kashusha app ya chakula, kalipa, chakula hakijafika. Au kimefika baada ya masaa mawili, kimepoa. Au app imemwambia hayuko kwenye eneo lao wakati yupo Mpendae, katikati ya watu. Wengi ni waliohamia hapa kikazi wakitokea Dar au Nairobi, wanafanya kama walivyozoea kule, na kisiwani mazoea yale hayafanyi kazi.

Nimekaa Kiponda ndani ya Mji Mkongwe miaka kadhaa, sasa hivi nipo Fuoni, na dada yangu anakaa Paje kwaiyo nimeyajaribu haya kwenye sehemu tatu tofauti kabisa za kisiwa. Kitu kimoja nataka ukishike kabla hatujaanza: hapa unachagua bodaboda, menyu inakuja baadae. Mikahawa ni ileile, unaikuta kwenye app hii na kwenye app ile, pilau ni lilelile la jiko lilelile. Tofauti ipo kwa nani ana vijana wa pikipiki karibu na jiko na karibu na kwako ile saa unayosikia njaa. Ukiliangalia hivyo, hatua zote hapa chini zitakukaa kichwani.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Simu yenye GPS inayofanya kazi vizuri, bando, na Google Maps.
- Laini mbili za pesa za mitandao tofauti. Mtandao mmoja ukisumbua magharibi huna pa kwenda.
- Pesa za majaribio zinazotosha oda tatu kwa kila app utakayobaki nayo, utazitumia kidogokidogo, usizilipe zote siku moja.
- Majina ya mikahawa mitatu ambayo umeshakula mwenyewe, unajua bei yake ukiwa umekaa pale pale na unajua sahani yake inajaa kiasi gani.
- Daftari au sehemu ya kuandika kwenye simu.
- Wiki mbili za subira. Usihukumu app kwa oda moja, mbaya au nzuri.

## Hatua ya 1: Jua uko ukanda gani

Fanya hivi kabla hujashusha chochote, maana nusu ya malalamiko ninayoletewa yangeishia hapa.

Kwa delivari Unguja nnaigawa mara tatu. Kuna Mji Mkongwe, yaani Shangani, Malindi, Kiponda, Mkunazini, Sokomuhogo na jirani zake, ambako umbali ni mdogo ila njia ni vichochoro. Kuna Ng'ambo na viunga vyake: Michenzani, Amaani, Mpendae, Kiembe Samaki, Mwanakwerekwe, Fuoni, Mtoni mpaka Bububu upande mwengine. Alafu kuna shamba na pwani ya mbali, Paje, Jambiani, Kiwengwa, Nungwi.

Mtu wa ukanda wa kwanza na wa pili anaweza kutegemea app. Wa tatu asitegemee app ya mjini hata siku moja. Mjini mpaka Paje ni kama kilomita 50, kijana aende na arudi ni 100, hakuna delivari ya sahani moja ya biriani itakayolipa mafuta hayo. Ukiona app inakuonyesha mikahawa ya mjini na wewe upo Jambiani, usifurahi, hiyo ni ramani iliyowekwa vibaya na oda yako itakenseliwa.

Na jina "Zanzibar" kwenye app lisikudanganye. Zanzibar ni Unguja na Pemba. Upo Chake Chake au Wete na app imeandika Zanzibar, fungua kwanza uone mkahawa hata mmoja uliopo Pemba. Hakuna? Ruka moja kwa moja mpaka Hatua ya 9, usipoteze bando.

Umefanikiwa ukiwa unaweza kusema kwa sentensi moja upo ukanda gani na mikahawa mitatu iliyo karibu na wewe ni ipi.

## Hatua ya 2: Ichunguze app kabla hujaipa namba yako

Ukiifungua kwenye Play Store angalia tarehe ya mwisho iliposasishwa. App ambayo haijaguswa mwaka mzima mara nyingi nyuma yake hakuna mtu. Soma maoni ya watu lakini chuja, tafuta yale yanayotaja Zanzibar, Unguja, au mtaa wa hapa. Nyota nne na nusu zilizotoka kwa watu wa Dar hazikuhusu wewe wa Kisauni.

Kuna kipimo kimoja kidogo nakipenda sana. Ingia mpaka kwenye sehemu ya malipo uone majina ya mitandao. Tigo Pesa ilibadilishwa jina kuwa Mixx by Yas tangu Novemba 2024. App ambayo mpaka leo imeandika jina la zamani inakwambia yenyewe kwamba hakuna anayeitunza, na asiyetunza ukurasa wa malipo hawezi kukurudishia pesa yako ikikwama.

Tahadhari: app nyengine zinataka ujisajili ndio uone mikahawa. Si kosa kubwa, ila usiweke kadi ya benki hatua hii, weka namba ya simu tu.

Umefanikiwa ukiwa umebaki na app mbili, tatu kwa wingi. Kwenye kisiwa kama hiki zaidi ya hapo ni kujaza simu.

## Hatua ya 3: Pini na maelezo ya mahali (soma hii mara mbili)

Hapa ndipo watu wanapoanguka, na ndipo nitakapokaa sana.

Tatizo la kwanza ni majina. Unguja tuna mtaa unaitwa Mombasa. Tuna Kariakoo. Tuna Magomeni. Ukiandika "Mombasa" kwenye kisanduku cha kutafuta, ramani inakupeleka Kenya, ukiandika "Kariakoo" au "Magomeni" inavuka bahari inakwenda Dar es Salaam, alafu app inakujibu hauko kwenye eneo la huduma na wewe unaitukana app. App haina kosa, imepewa Dar. Kwaiyo usiandike jina la mtaa, weka pini kwa kidole. Fungua ramani, kuza mpaka uone paa la nyumba yako, bonyeza hapo ushikilie. Kama ramani ya app haikuzi vizuri, ifanye kwenye Google Maps kwanza, alafu nakili ule msimbo mfupi wa mahali (Plus Code), wenye herufi na alama ya kujumlisha, uuweke kwenye maelezo.

Tatizo la pili ni GPS ndani ya Mji Mkongwe. Nyumba ndefu, vichochoro vyembamba, ile ishara ya setelaiti inagonga kuta inarudi, na kidoti chako kinahama kichochoro cha pili au cha tatu. Nilipokuwa Kiponda kijana kanipigia, "Dada nipo chini hapa." Nachungulia dirishani, hakuna mtu. Nasikia injini ya pikipiki kabisa, na yeye ananisikia naita, kumbe yupo upande wa pili wa ukuta, na kuzunguka kwake ilibidi atoke mpaka njia kubwa aingie upya. Robo saa tunaitana. Mchuzi ulipofika ulikuwa umeshamwagika ndani ya mfuko, wali umelowa, na yule kijana anaomba radhi mwenyewe kwa kosa ambalo lilikuwa la pini yangu.

Tangu siku ile ndani ya Mji Mkongwe sikuwahi tena kuweka pini nyumbani. Niliweka pini mahali ambapo kila mtu anapajua na pikipiki inafika bila shida: Jaws Corner, au mbele ya soko la Darajani, au Mkunazini njia kuu. Nashuka natembea dakika tatu. Chakula kinafika cha moto, kijana anaondoka haraka kwenda kwenye oda nyengine, na ukimrahisishia hivi oda zako anazichukua kwa moyo.

Tatizo la tatu ni maelezo ya maneno. "Karibu na msikiti" hapa hayana maana, kila hatua mia kuna msikiti. "Karibu na skuli" vilevile. Andika kama unamuelekeza mgeni wa harusi aliyetoka Dodoma, kwa vitu ambavyo macho yanaviona usiku:

*"Fuoni. Ukiacha lami ingia njia ya vumbi mkono wa kushoto baada ya msikiti wenye kuba la kijani. Nyumba ya tatu, geti la bati la buluu, mwembe mkubwa mbele. Taa ya nje nitaiwasha. Ukifika piga simu, usipige honi, kuna mtoto mdogo."*

Ihifadhi hiyo kwenye simu, unaibandika kwenye kila app. Na namba ya simu iliyo kwenye app iwe ile unayopokea, sio ile ya bando iliyopo kwenye simu ya pili ndani ya kabati.

Umefanikiwa ukiwa kijana amefika bila kukupigia zaidi ya mara moja. Akipiga mara tatu, rudi ukarekebishe maelezo hata kama chakula kimefika, maana kijana wa kesho ni mwengine.

## Hatua ya 4: Hesabu mikahawa iliyo wazi, saa unazokula wewe

Usiagize bado. Kwa siku tatu fungua kila app mara tatu: saa saba mchana, mara tu baada ya magharibi, na saa nne usiku. Andika ni mikahawa mingapi imeandikwa iko wazi kwa pini yako, na muda wa kufika unaosemwa.

Sababu ni hii: app inaweza kuwa na orodha ndefu inayovutia, lakini saa nne usiku ikabaki na mikahawa miwili, na mmoja wao unauza juisi. Wewe unayetoka kazini usiku unataka app yenye orodha fupi iliyo hai saa hiyo.

Chengine cha kupima hapa, piga simu kwenye mikahawa miwili iliyoandikwa wazi uwaulize, "Mnapokea oda za app sasa hivi?" Nimeshakuta mkahawa uko wazi kwenye app na mwenyewe anashangaa, simu yao ya oda iliisha chaji tangu asubuhi. Umeme ukikatika hali inakuwa mbaya zaidi, kile kimashine cha intaneti kinazima, jiko la gesi linaendelea kupika kwa wateja waliokaa, ila oda yako haionekani na mtu. App haijui, inaendelea kukuonyesha wazi.

Tahadhari ya msimu: kuanzia mwezi wa Aprili mpaka Mei, masika ikiwa imekolea, mikahawa mingi ya pwani inayotegemea watalii inafunga. App nyingi haziiondoi. Ukikuta mkahawa wa Nungwi uko wazi mwezi wa Mei, piga simu kwanza.

Umefanikiwa ukiwa una jedwali lako dogo, app kwa saa, na tayari moja inaonekana inazidi wenzake kwa saa zako.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya mwisho, usiangalie punguzo

Bei unayoiona mwanzo sio unayolipa. Kuna bei ya chakula ndani ya app, ambayo mara nyingi ipo juu ya bei ya mkahawani kwa sababu app inamkata mwenye mkahawa asilimia yake na yeye anaihamishia kwako. Kuna pesa ya delivari. Kuna ada ya huduma kwa baadhi. Kuna makato ya mtandao wa simu. Na kuna kiwango cha chini cha oda, ambacho kinakufanya uongeze soda mbili usizozihitaji.

Chukua sahani moja unayoijua bei yake mkahawani, iweke kwenye kapu la kila app mpaka ukurasa wa mwisho, usilipe, piga skrinshoti. Alafu fanya hivyohivyo kwa sahani nne.

Namba hizi ni za mfano tu. Pilau la kuku mkahawani ni 10,000. App ya kwanza inaliuza 12,000 na delivari 2,000, jumla 14,000. App ya pili inaliuza 10,000 ileile ila delivari ni 5,000, jumla 15,000. Ukiwa peke yako ya kwanza ni nafuu. Sasa wamekuja wageni, sahani nne: ya kwanza 48,000 na 2,000 inakuwa 50,000, ya pili 40,000 na 5,000 inakuwa 45,000. Imegeuka. Ndio maana mtu anayekaa mwenyewe na mwenye familia wakibishana app ipi rahisi wote wanaweza kuwa wanasema kweli.

Punguzo la oda ya kwanza liache kwenye hesabu kabisa. Ni la siku moja, wewe unatafuta app ya mwaka.

Umefanikiwa ukiwa unajua bei ya mwisho ya sahani moja na ya sahani nne kwa kila app.

## Hatua ya 6: Amua utalipaje

Oda za mwanzo lipa pesa taslimu ukipokea, kama app inaruhusu. Ukipoteza unapoteza muda tu. Tayarisha chenji, kijana wa pikipiki saa tatu usiku hana chenji ya elfu kumi, na kumuweka mlangoni anazunguka madukani kutafuta ni kumchelewesha mwenzio anayesubiri.

Ukihamia kwenye malipo ya simu, njia salama ni ile ambayo ujumbe unaibuka wenyewe kwenye simu yako ukitaja jina la app na kiasi, unaweka namba ya siri hapohapo. Hakikisha jina na kiasi kabla hujabonyeza. Mtu akikupigia akajitambulisha ni wa app, akaomba namba ya siri au akakwambia utume kwenye namba yake binafsi maana "mfumo uko chini", kata simu. Meseji za aina ile ya "ile pesa tuma kwa namba hii" zipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, wazifanyie kazi.

Jengine nalisema kwa msisitizo: usiweke akiba ndani ya pochi ya app. Biashara hii inafunga milango haraka. Jumia, kampuni ya kuuza vitu mtandaoni, iliondoka Tanzania Novemba 2019. Huduma yake ya chakula ikafungwa mwisho wa 2023 kote ilikobaki, Kenya na Uganda zikiwemo, na Bolt Food nayo mwezi huohuo ikatoka Nigeria na Afrika Kusini. Kampuni kubwa kiasi hicho kwenye miji yenye watu mamilioni, sembuse app ya kisiwani. Lipa oda ya leo, pesa nyengine ibaki kwenye simu yako.

## Hatua ya 7: Oda tatu za majaribio

Sasa agiza. Oda tatu kwa kila app iliyobaki, zigawe hivi:

Ya kwanza mchana wa siku ya kawaida, mkahawa wa karibu, chakula kikavu kama chapati na mishkaki. Hii inapima pini na kijana.

Ya pili saa ya msongamano, baada ya magharibi, Ijumaa au Jumamosi. Hii inapima kama wana vijana wa kutosha. Ukiona oda imekubaliwa na mkahawa lakini jina la kijana halijatokea baada ya dakika 20, umeshapata jibu, hawana watu upande wako.

Ya tatu siku ya mvua. Najua inaonekana ukatili, kwaiyo agiza karibu na usiharakishe mtu, barabara inateleza na hakuna biriani yenye thamani ya mguu wa kijana wa watu. Unachopima hapa ni ukweli wa app. Inakwambia mapema kwamba watachelewa au hawafiki, au inapokea pesa alafu inanyamaza? Mimi kuna moja ilinipokelea pesa wakati wa masika, ikanyamaza saa nzima na nusu, ikakensel yenyewe. Pesa nilirudishiwa baada ya siku nne na simu sita. Chakula kuchelewa kwenye mvua nasamehe, kunyamaza sisamehi, na app ile niliifuta usiku uleule.

Andika mambo matatu kwa kila oda: saa uliyoagiza, saa jina la kijana lilipotokea, saa chakula kilipofika. Ule muda kati ya kuagiza na jina la kijana kutokea ndio unaosema kweli. Mkahawa kuchelewa kupika si kosa la app, kukosa mtu wa kukichukua ni kosa lake.

Kipime na chakula chenyewe. Kifungue mbele ya macho yako, mkono ukiweka juu ya foili usikie joto. Wali na nyama vilivyokaa zaidi ya masaa mawili kwenye joto letu la Januari na Februari usile kwa kuona hasara, na usimpe mtoto, wadudu wa tumbo wanazaliana humo hata kama harufu bado nzuri.

Umefanikiwa ukiwa oda mbili kati ya tatu zimefika ndani ya muda uliosemwa, na ile iliyochelewa uliambiwa.

## Hatua ya 8: Agiza chakula kinachovumilia safari

Watu wanalaumu app kwa kosa la chakula. Pilau, biriani yenye mchuzi wa kando, wali wa nazi, samaki wa kukaanga, chapati, hivi vinasafiri nusu saa bila kulalamika. Chipsi zinalegea baada ya dakika kumi na tano, mvuke unazipika upya ndani ya boksi. Pizza ya Zanzibar kula pale pale Forodhani, njiani inakuwa kitambaa.

Urojo, ule mchuzi mzito unaomwagiwa juu ya bajia na viazi, ndio kila mtu anautaka nyumbani na ndio unaoharibika kwa uchungu. Ukiletwa umechanganywa, bajia zimevimba zimekunywa rojo lote, kachiri zimelainika kama karatasi iliyolowa, chatne imepotelea humo ndani. Kwenye sehemu ya maelezo andika: *"Rojo kando kwenye kopo lenye kifuniko, bajia na viazi peke yake, kachiri kavu, chatne na pilipili kando."* Nyumbani pasha rojo lichemke kidogo, panga vitu kwenye bakuli, mwagia, kachiri juu mwisho. Mkahawa usioweza kufuata maelezo haya usiuagizie urojo tena, na sasa unajua kama app yao inawafikishia maelezo au inayameza.

## Hatua ya 9: Jenga njia ya pili isiyo na app

Hii ni ya lazima kwa wa Paje, Nungwi, Pemba, na ni ya busara kwa wote.

Chukua namba za WhatsApp za mikahawa mitatu na bodaboda wawili wa kituo cha karibu na kwako. Bodaboda wa kituoni anaijua nyumba yako kuliko ramani yoyote. Unaagiza mkahawani kwa meseji, unalipa kwa Lipa Namba ya mkahawa, yaani namba yao ya biashara ya kupokea malipo ya simu, unamtuma bodaboda, mnakubaliana nauli kabla hajaondoka. Ongea naye kwa heshima: "Assalam aleykum kaka, kuna mzigo wa chakula Mpendae mpaka kwangu Fuoni, utanifanyia bei gani?" Ukianza na amri bei inapanda, na ni haki yake.

Dada yangu Paje haijui app kabisa. Ana mama ntilie mmoja na mikahawa miwili kijijini hapo, anatuma meseji saa tano asubuhi anasema atakula nini jioni. Mama anamjua hali pilipili. App gani itakujua hivyo.

Tahadhari: Lipa Namba inakuonyesha jina la biashara kabla hujathibitisha. Jina likiwa la mtu usiyemjua, simama, piga simu mkahawani.

## Hatua ya 10: Oda ikiharibika, fanya haya kwa mpangilio

1. Piga picha chakula kabla hujakigusa, na risiti iliyobandikwa kwenye mfuko ionekane.
2. Piga skrinshoti ya oda yenye namba yake na ya meseji ya malipo yenye namba ya muamala.
3. Andika malalamiko ndani ya app, saa hiyohiyo. Simu haziachi ushahidi, maandishi yanaacha.
4. Sema unachotaka kwa uwazi: kurudishiwa pesa kwenye simu, sio pointi wala kuponi.
5. Usimfokee kijana. Hakupika, hakufunga, na mara nyingi hajui kilichomo. Ukimharibia jina kwenye app kwa kosa la jiko unamkata riziki.

Zikipita siku saba kimya, ifute na waambie majirani.

## Hatua ya 11: Amua, alafu rudia kupima kwa msimu

Baki na app moja kuu na moja ya akiba. Kuu iwe ile iliyokuwa na kijana haraka zaidi saa zako, hata ikizidi elfu moja. Ya akiba iwe yenye mikahawa ambayo ya kwanza haina. Nyengine futa, zinakula chaji na zinakutumia matangazo usiku.

Lakini uamuzi huu si wa milele. Ramadhani inageuza kila kitu: mchana mikahawa mingi imefungwa, na nusu saa kabla ya magharibi kisiwa kizima kinataka futari kwa wakati mmoja, na kijana wa pikipiki naye amefunga anataka kufika kwao. Mwezi ule agiza mapema, saa kumi alasiri oda iwe imeshaingia, chukua vitu visivyopoa vibaya, na tende na maji viwe nyumbani kwako tayari, usitegemee mlango ugongwe kwa adhana. Ukiwa na uwezo muongezee kijana kifurushi chake cha futari, afungulie njiani.

Masika ikiisha, mwezi wa Juni pwani ikianza kufungua tena, rudi Hatua ya 4, hesabu mikahawa upya kwa siku tatu. Orodha uliyoiacha Machi haitakuwa ile.